Mlango wa Kutokea Uko Wapi?

Barua pepe iliyonianzishia mambo haya ilikuwa fupi na yenye adabu. Huduma moja ya mtandaoni ambamo nilikuwa nikihifadhi notsi zangu zote za mihadhara tangu mwaka wa kwanza ilinijulisha kwamba akaunti za bure zingepunguziwa nafasi, na kwamba mtu ambaye vitu vyake vimezidi kiwango kipya angepaswa ama kulipia ama kuviondoa ndani ya siku 30. Sikukasirika papo hapo, kwa sababu sikuwa nimewahi kuwalipa chochote, na mwenye nyumba ana haki ya kubadili masharti ya nyumba yake. Hasira ilinijia usiku, nilipobofya kitufe cha kupakua kila kitu nikaletewa faili moja ya zipu iliyojaa kurasa za wavuti zenye majina ya tarakimu na herufi zisizotamkika, picha zikiwa zimetengwa kando, majedwali yamekatika katikati, na viungo nilivyokuwa nimevifunga kutoka notsi moja hadi nyingine vikinirudisha kule kule kwenye tovuti niliyokuwa najaribu kuihama. Maneno yangu yote yalikuwemo. Mpangilio wake, ambao ndio hasa uliokuwa kazi ya miaka miwili, ulibaki kwao.

Muhula uliofuata nilijiwekea sharti. Ningefanya kazi zangu zote za chuo kwa zana zisizolipiwa, kwa kuwa sina namna nyingine, lakini hakuna zana ambayo ningeikabidhi hata ukurasa mmoja kabla ya kuiuliza: nikitaka kuondoka kesho, mlango wa kutokea uko wapi, na nitaruhusiwa kutoka na nini? Ili swali hilo lisibaki maneno matupu nilitengeneza faili ndogo ya majaribio, ukurasa mmoja tu wenye kichwa cha habari, jedwali la safu tatu, tanbihi mbili, picha moja na maoni mawili ya pembeni. Kila huduma niliyoijaribu niliipa ukurasa huo, nikauhariri kidogo humo humo, kisha nikaupakua na kuufungua kwa programu nyingine kabisa. Ni mtihani wa dakika kumi, nao ulinifundisha mengi kuliko orodha za sifa ambazo kila huduma hujipamba nazo katika ukurasa wake wa mbele. Vichwa na picha vilirudi salama karibu kila mahali. Tanbihi zilirudi mara nyingi. Maoni ya pembeni ndiyo yaliyokuwa ya kwanza kupotea, na yeyote anayeandika tasnifu chini ya msimamizi anajua kwamba maoni ya pembeni ndiyo mali yenyewe.

Katika jambo hili Kiswahili kimenyooka pale ambapo Kiingereza hujikwaa. Mtunzi wa programu Richard Stallman alipotangaza mwaka 1983 GNU, mradi wake wa kutengeneza mfumo endeshi wa kompyuta, alitumia neno la Kiingereza free, lenye maana ya kisicholipiwa na pia maana ya kisichofungwa, na tangu hapo amelazimika kueleza mara kwa mara kwamba anazungumzia uhuru, wala hazungumzii bei. Mkanganyiko huo ulikuwa miongoni mwa sababu zilizowafanya watu wengine, mwaka 1998, waanze kutumia jina jingine, open source, lile linalosisitiza kuwa msimbo chanzo, yaani maagizo ya programu kama yalivyoandikwa na watunzi wake, uko wazi. Sisi tuna bure na tuna huru, maneno mawili ambayo hakuna anayeyachanganya, na kutokana na hilo la pili tumepata programu huria: programu ambayo mtu anaruhusiwa kuiendesha kwa lengo lolote, kuchunguza jinsi inavyofanya kazi na kuibadili, kugawa nakala zake, na kugawa hata zile alizozibadili. Programu huria inaweza kuuzwa na ikabaki huria. Leseni ya GNU GPL, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1989, haikukatazi kutoza fedha, bali inakukataza kumnyima unayempa nakala msimbo chanzo na zile haki ulizopewa wewe. Huduma iliyoniandikia barua pepe ilikuwa ya bure bila kuwa huria. Na neno bure, kama ujuavyo, lina maana yake ya pili, ile ya kazi iliyopotea, ambayo mtu huona haimhusu mpaka siku anapofungua faili ya zipu.

Nilianza na LibreOffice, programu huria ya kuandikia nyaraka, kwa sababu uandishi ndio unaokula muda wangu mwingi. Programu hii ilizaliwa mwaka 2010, wakati kundi la wachangiaji wa OpenOffice.org, programu huria iliyoitangulia, lilipochukua msimbo chanzo wake na kwenda kuuendeleza chini ya taasisi waliyoianzisha wenyewe, The Document Foundation. Yaani wale watu walikuwa wamekwisha kupita kwenye mlango ambao mimi nilikuwa nautafuta, na leseni ndiyo iliyowafungulia. Faili zake huhifadhiwa katika muundo wa OpenDocument, uliokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2006. Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza niliiona ya watu wa kamati, nikaipita. Wiki ya saba ya muhula niliirudia kwa heshima.

Nilikuwa nimechomoa flashi kabla kompyuta haijamaliza kuandika, kwa haraka ya kuwahi kipindi, na kosa lilikuwa langu. Niliporudi, insha yangu ya kurasa 14 ilikataa kufunguka. LibreOffice ikaniuliza kama nataka ijaribu kuikarabati, nikakubali, ikajaribu na kushindwa. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa juu, ambaye mimi humwita kaka ingawa hatuna udugu, aliniambia nifanye nakala ya faili ile na kubadilisha kiendelezi chake, zile herufi za mwisho wa jina la faili, kutoka odt ya OpenDocument kuwa zip. Nilidhani ananitania. Kumbe faili ya odt ni kifurushi cha zipu tangu mwanzo: ndani yake mna faili iitwayo content.xml yenye maandishi, styles.xml yenye mitindo, meta.xml yenye taarifa kuhusu faili, na folda ya picha. Programu ya kufungulia zipu ililalamika kuhusu picha mbili zilizoharibika, lakini content.xml ikatoka nzima. Niliifungua kwa kihariri cha maandishi matupu, kile kisichojua hata kukoza herufi, nikakuta msitu wa alama za pembe za XML, lugha ya kuwekea maandishi lebo, na ndani ya msitu huo, kati ya text:p moja, ambayo ni alama ya aya, na nyingine, sentensi yangu ya kwanza imetulia ikinisubiri, pamoja na kosa la tahajia ambalo sikuwa nimeliona siku zote hizo.

Kwa haki, faili za docx, zile za Microsoft Word, nazo ni zipu yenye XML ndani, na kaka yule alinionyesha hilo kwa kufungua moja mbele yangu, maana hapendi ushabiki. Ninachokishikilia ni kwamba muundo ambao maelezo yake yamechapishwa unaweza kufunguliwa hata na mtu asiye na programu iliyouandika. Notsi zangu zilizokuwa kwenye seva ya wengine hazikuwa na sehemu ya kuzishika namna hiyo.

Tatizo lililofuata lilikuwa dogo lakini la kuaibisha. Nilimtumia mhadhiri kazi ya kurasa 12 katika docx. Kwake ikawa na kurasa 13, na jedwali langu kuu likakatika kiunoni. Sababu ilikuwa fonti: nilitumia fonti niliyoipakua mwenyewe kwa kuipenda tu, kompyuta yake haikuwa nayo, ikaweka nyingine yenye herufi pana zaidi, na mistari yote ikasogea. Watu wa programu huria walilifikiria jambo hili zamani, ndiyo maana kuna Liberation Serif, ambayo upana wa herufi zake umelinganishwa na wa Times New Roman, na Carlito, iliyolinganishwa na Calibri, ili fonti moja ikikosekana nyingine ikae mahali pake bila mstari kuhama. Sasa kazi ya kusomwa tu naituma katika PDF, na docx ninaiacha kwa kazi inayotakiwa kurudi na maoni.

Kazi ya kikundi ilitupeleka kwenye Etherpad, programu ya kuandika pamoja mtandaoni, nami naikumbuka kwa mapenzi yaliyochanganyika na fedheha. Etherpad ilianza mwaka 2008. Desemba 2009 Google iliinunua kampuni iliyoitengeneza, na mwezi huohuo msimbo wake ukaachiliwa kuwa huria, kwa hiyo leo yeyote mwenye seva anaweza kuisimika, na wapo wanaowafungulia watu wote bila kuwataka wajisajili. Unafungua ukurasa, unawapa wenzako anwani yake, na kila mtu anaandika papo kwa papo kwa rangi yake. Tulikuwa watano. Usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha, aya ya mbinu za utafiti, ambayo ilikuwa imeandikwa vizuri kuliko zote, ilitoweka. Asubuhi kila mmoja aliapa kwamba hakuigusa, na mazungumzo yakaanza kuchukua sura mbaya, hasa dhidi ya mwenzetu mmoja ambaye mpaka wakati huo alikuwa amechangia kidogo na ambaye, kwa bahati mbaya yake, alikuwa na tabia ya kucheka anapobanwa.

Ndipo mmoja wetu alipokumbuka kitelezi cha historia, ule mstari ulio juu ya ukurasa ambao ukiuburuta unaona waraka ukijifuta na kujiandika upya, herufi baada ya herufi. Tuliuburuta tukiwa tumeinamia skrini moja. Saa nane na robo usiku aya ilikuwapo. Saa nane na dakika kumi na sita haikuwapo. Wenzangu wanne walikuwa wamekwisha kuaga na kulala kabla ya saa sita, na aliyebaki ndani ya ukurasa ule alikuwa mimi. Nilikuwa nimeikata aya ili niibandike juu ya matokeo, usingizi ukanipitia kabla ya kubandika. Nilimwomba radhi yule mwenzetu mbele ya wote, naye akacheka, safari hii kwa haki.

Katika mtihani wangu, mlango wa Etherpad ni mwembamba. Maandishi hutoka vizuri, lakini ukichukua maandishi matupu, zile rangi zinazoonyesha nani aliandika nini hazitoki nawe, na baadhi ya seva za hadhara hufuta kurasa zisizoguswa kwa muda fulani, hivyo ni vema kusoma masharti kabla ya kuondoka na kuacha kitu. Tena, anwani ya ukurasa ndiyo ufunguo wake. Jambo hili ni kweli pia kwa huduma nyingine nyingi za kushirikishana faili, ambapo chaguo la kila mwenye kiungo kuweza kuhariri liko karibu mno na lile la kutazama tu. Niliwahi kutuma kiungo cha kuhariri kwenye kundi la darasa zima, na kabla ya adhuhuri mtu mmoja, kwa nia njema kabisa, alikuwa amefuta safu yangu ya takwimu akidhani anarekebisha nakala yake mwenyewe. Kiungo kirefu chenye herufi za ovyo huonekana kama siri, lakini siri inayoweza kutumwa kwa watu 80 kwa mguso mmoja wa kidole si siri tena.

Marejeo nimeyakabidhi Zotero, programu ya kuyatunza, iliyoanza mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani. Hapa mlango ni mpana: maktaba nzima hutoka katika BibTeX au RIS, miundo ambayo programu nyingine za marejeo huisoma. Nafasi ya bure kwenye seva yao ni MB 300, lakini nafasi hiyo ni ya viambatisho. Taarifa za marejeo zenyewe, yaani waandishi, miaka, vichwa na kurasa, hazihesabiwi humo. Sikulielewa hilo mwanzoni, nikawa nafuta marejeo moja moja kwa uchungu ili nipate nafasi, kumbe kilichokuwa kikijaza ni PDF za sura za vitabu zilizoskaniwa, moja yao ikiwa na MB 60 peke yake.

PDF hizo nilizihamishia Syncthing, ambayo haina seva ya kuhifadhia vitu kabisa. Kompyuta na simu hutambuana kwa namba ndefu za utambulisho na kupelekeana faili zikiwa zimesimbwa njiani, mradi vyote viwili vimewashwa na vimeunganishwa. Niliipenda hata nikaanza kuiita nakala yangu ya akiba, na hapo ndipo nilipopotea. Jioni moja nilifuta folda kwenye simu ili nipate nafasi ya picha, na kompyuta, kwa utii kamili, ikafuta ya kwake. Kusawazisha ni kuzifanya pande mbili zifanane, na kufanana huko kunahusu pia kufuta. Ipo njia ya kuiambia programu itunze matoleo ya zamani ya vilivyofutwa, lakini sikuwa nimeiwasha. Nakala ya akiba sasa iko kwenye diski ya nje, ambayo naichomeka mara moja kwa wiki na kuichomoa baada ya kuiaga kompyuta ipasavyo.

Mengine niliyajaribu kwa kupita tu. Audacity ilinitosha kabisa kwa kukata mahojiano ya utafiti na kupunguza mvumo wa feni uliokuwa nyuma ya sauti. Inkscape niliipokea kwa furaha, kwa kuwa michoro yake huhifadhiwa katika SVG, ambayo nayo ni maandishi yanayosomeka. Nilirekebisha neno moja ndani ya mchoro bila hata kuufungua kama mchoro. GIMP, programu ya kuhariri picha ambayo wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley walianza kuitengeneza mwaka 1995, bado kwangu ni nyumba yenye vyumba vingi nisivyojua taa zake zinawashiwa wapi. Huria haina maana ya rahisi, na wanaowaahidi wanafunzi urahisi huwafanya wengi wakate tamaa siku ya kwanza.

Jambo la mwisho lililonichukua muda ni leseni ya kazi yangu mwenyewe. Nilitaka kuziweka wazi notsi nilizozipanga upya, pamoja na programu ndogo niliyoiandika ya kusafisha zile kurasa za wavuti nilizorudishiwa. Nilidhani kuweka kitu hadharani kunatosha, sivyo. Msimbo uliowekwa mtandaoni bila leseni unaonekana na watu wote, lakini haki zote hubaki kwa mwandishi, na mtu mwangalifu hataugusa. Kwa notsi nilichagua leseni ya Creative Commons, ambazo zilianza kutolewa mwaka 2002, na kwa woga nikachukua ile kali kuliko zote, inayokataza biashara na pia inakataza kugawa toleo lililobadilishwa. Baada ya wiki mbili mwanafunzi wa chuo kingine aliniandikia, akitanguliza samahani nyingi, kuuliza kama anaweza kuzifupisha notsi za somo moja na kuwagawia wenzake. Kwa leseni ile hakuwa na ruhusa. Nilikuwa nimejenga ukuta uleule ulionikera kwa wengine, nikaubandika jina langu. Nilibadili leseni ikawa BY-SA: atumie, abadili, agawe, mradi anitaje, aonyeshe alichobadili, na atoe toleo lake kwa masharti hayohayo. Kwa programu nilichukua GPL, na sikuhitaji kufikiri sana.

Sijahama kabisa, na sitaki mtu adhani nimehama. Kazi ya kikundi ya muhula huu tunaifanya kwenye huduma ya bure isiyo huria, kwa kuwa wenzangu wanne wameizoea, simu zao zinaifungua haraka, nami baada ya kisa cha saa nane usiku sina sauti kubwa katika uchaguzi wa zana. Kila Ijumaa jioni napakua waraka mzima katika odt, naufungua kwenye LibreOffice, nahesabu tanbihi na maoni ya pembeni, kisha nauweka kwenye diski ya nje. Wiki tatu za kwanza walinitania kwa hilo. Ijumaa iliyopita yule anayecheka anapobanwa aliniandikia kabla sijaanza, akaniuliza kama nakala ya wiki iliyotangulia ninayo bado, kwa sababu kuna jedwali halioni.

Nilimtumia.